Maji ya Mto: Mkono wa Mtu na Kalamu ya Serikali

Katika somo hili twataka kueleza jambo ambalo watu wengi wa miji ya pwani wamelizoea hata wakaacha kulifikiri, nalo ni kubadilika kwa maji ya mto. Kila mwaka mvua za bara zikinyesha, Mto Sabaki hushuka mwekundu mpaka Malindi, na bahari ikageuka rangi kuanzia mlangoni mwa mto. Watu husema, "Mto umeshuka," kisha kila mmoja akashika njia yake. Ni wachache wanaouliza: Udongo huu umetoka wapi? Ulikuwa shamba la nani? Na mbali na udongo, mto huu umebeba nini kingine kisichoonekana kwa macho?

Twasema kwamba maswali haya yapasa kuulizwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, maji hayo ndiyo tunywayo. Visima vya Baricho, vilivyochimbwa kando ya Sabaki, ndivyo vipelekavyo maji Malindi na Kilifi na sehemu ya Mombasa. Ya pili, mtu akidhani kuwa uchafu wa mto ni jambo lililokuja lenyewe kama jua na mvua, hatatafuta dawa yake. Nasi tutabainisha kwamba sehemu kubwa ya uchafu huo ina wenyewe: mkono wa mtu atendaye, na kalamu ya serikali iandikayo amri, au inyamazayo mahali ilipopasa kuandika.

MTO MMOJA, MAJINA MENGI

Mto huu ni wa pili kwa urefu katika Kenya, baada ya Tana. Kwa kuwa hupita katika nchi za watu mbalimbali, umepewa majina mbalimbali. Huko juu waitwa Athi. Huko ndiko upokeapo Mto Nairobi, ambao umekwisha kuungana na mito ya Ngong na Mathare, na huko ndiko zishukapo Ruiru na Ndarugu kutoka Kiambu. Kisha hupita Ukambani chini ya uwanda mrefu wa Yatta. Ukikutana na Mto Tsavo, waitwa Galana. Na ukikaribia pwani waitwa Sabaki, mpaka ukaingia baharini baina ya Malindi na Mambrui. Na huo Mto Tsavo hupata maji ya chemchemi za Mzima, zile zile ambazo tangu miaka ya 1950 maji yake huletwa Mombasa kwa bomba.

Basi majina ni mengi, na maji ni yale yale. Mtu akaaye ukingoni mwa Mto Nairobi na mvuvi wa Mambrui hawajuani wala hawajaonana, walakini ni majirani, kwa sababu atupacho mmoja mlangoni mwake chaweza kufika mlangoni mwa mwenziwe.

USHAHIDI WA TUMBAWE

Huenda mtu akasema, "Mto huu ulikuwa mwekundu tangu zamani za babu zetu." Jawabu ni kuwa mito yote hubeba udongo, na hatukatai kwamba Sabaki ulikuwa na tope lake tangu zamani. Linalotafutwa ni kiasi chake. Na kwa bahati njema, shahidi wa jambo hili yuko katika bahari yetu wenyewe.

Tumbawe hukua kidogo kidogo kila mwaka, tabaka juu ya tabaka, mfano wa duara zionekanazo ndani ya gogo la mti. Udongo ushukao na mto huingiza katika maji ya bahari madini yaitwayo bariamu, na tumbawe huyahifadhi katika tabaka la mwaka ule. Wataalamu walilipima tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, wakatoa matokeo yao mwaka 2007. Walikuta kwamba kwa muda mrefu udongo ulikuwa wa kadiri. Kisha tangu mwaka 1900 hivi ukaanza kupanda, na baada ya hapo ukaendelea kuongezeka.

Sasa tujiulize: ni nini kilichotokea katika miaka ile? Mvua ni zile zile za masika na vuli. Kilichobadilika ni nchi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Walowezi wa Kizungu wakapewa ardhi katika nyanda za juu, pori likafyekwa, na wenyeji wakatengewa mipaka wakae ndani yake na ng'ombe wao. Tumbawe lisilojua kusoma wala kuandika likaandika habari za kalamu ya serikali.

HABARI ZA UKAMBANI

Katika Ukambani mambo haya yalionekana kwa uwazi zaidi. Watu walipobanwa katika eneo dogo na malisho yao ya zamani yakawa ya wengine, ardhi ilichoka, majani yakaliwa yakaisha, na kila mvua ikachukua udongo mtupu mpaka mtoni. Serikali ya kikoloni ilitazama ardhi ile tupu ikatoa hukumu kwamba kosa ni la ng'ombe kuwa wengi. Mwaka 1938 ikaamuru ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu. Wakamba wakaenda Nairobi kwa maelfu kumlalamikia Gavana. Na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akakamatwa akapelekwa kifungoni Lamu. Hata hivyo amri ile ya nguvu haikusimama, serikali ikarudi nyuma.

Je, ardhi iliponaje? Katika miaka iliyofuata, na hasa tangu miaka ya 1950, wakulima wa Machakos walichimba matuta katika miteremko yao. Mojawapo ya njia zao ni kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, na njia hiyo hata leo yajulikana kwa wataalamu wa nchi nyingine kwa jina lake la Kiswahili, nalo ni "fanya juu". Walipanda miti na majani ya kushika kingo, wakafanya kazi kwa vikundi vyao vya kusaidiana. Baina ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na pamoja na hayo mmomonyoko katika mashamba yao ukapungua.

Hapa pana mafunzo mawili makubwa. La kwanza, wingi wa watu peke yake hauharibu mto; kiuharibucho ni namna ardhi inavyotumiwa na haki ya mtu katika ardhi hiyo. Ajuaye kuwa shamba ni lake na litarithiwa na wanawe, hulilinda. La pili, amri isiyomshirikisha mwenye shamba huzaa ugomvi, ilhali shauri analoliona lina faida hulifanya kwa jembe lake mwenyewe.

UCHAFU WA MJI

Udongo ni mzigo mmoja, na mji huongeza mizigo mingine. Kwa ufahamu mwepesi twaweza kuigawa mafungu matatu, kwa sababu kila fungu lina tabia yake.

Fungu la kwanza ni uozo: maji ya vyoo, taka za machinjio, na maji yaliyooshewa kahawa viwandani. Maji ya mto yana hewa ndani yake, na kwa hewa hiyo samaki huvuta pumzi. Uozo ukiingia, vijidudu viulavyo huitumia hewa hiyo hata ikamalizika. Samaki wakafa, na maji yakanuka. Pamoja na uozo huja vijidudu vya maradhi, kama vile kipindupindu na homa ya matumbo. Fungu hili lina nafuu moja: mto ukipewa nafasi hujisafisha. Maporomoko huurudishia hewa, jua huua vijidudu vingi, na sehemu kubwa ya uozo huliwa njiani kabla ya kufika pwani. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila kinachomwagwa Nairobi hufika Malindi kama kilivyo. Walakini wale wakaao karibu na mji, wanyweshao mboga na mifugo kwa maji yale, hawaipati nafuu hiyo.

Fungu la pili ni madini ya sumu, kama risasi na zebaki. Haya hayaozi wala hayafi. Hushikamana na chembe za udongo, hutua chini ya mto, na mafuriko yakija huinuka na kusafiri tena. Katika Nairobi, jaa kubwa la Dandora liko karibu na mto. Lilianza kutumiwa katika miaka ya 1970, likatajwa kuwa limejaa mwaka 2001, nalo likaendelea kupokea taka kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza uchunguzi wa watoto 328 wa mahali pale. Nusu yao walikutwa na risasi katika damu kwa kiwango cha hatari. Watoto wale hawakuandika sheria yoyote wala hawakumiliki kiwanda.

Fungu la tatu ni mbolea na dawa za mashamba, ambazo mvua huzikosha hata mtoni. Mbolea huotesha magugu ya maji, na dawa huua wadudu ambao ni chakula cha samaki.

Kisha liko tope lenyewe, lifikalo mpaka pwani. Wakati wa kaskazi, maji ya mto husukumwa kusini kuelekea Malindi na hifadhi ya bahari iliyowekwa mwaka 1968. Wakati wa kusi, husukumwa kaskazini kuelekea Mambrui. Tope likitua juu ya matumbawe huyaziba na kuyanyima mwangaza, na penye tumbawe lililokufa samaki hapungui siku moja, hupungua mwaka kwa mwaka mpaka mvuvi akaona nyavu zake ni nzito kwa majani na nyepesi kwa riziki.

MAJI TAHARA NA MAJI SALAMA

Hapa twaona yapasa kuondoa shubuha moja iliyomo katika vichwa vya watu wengi. Kila aliyesoma chuoni amesoma mlango wa maji, maana ndio unaotangulia katika vitabu vyetu vya fiqhi. Amefunzwa kuwa maji mengi hayanajisiki mpaka najisi iyabadilishe rangi au ladha au harufu. Na amefunzwa pia kwamba maji yakibadilika kwa udongo wa njia yake, mabadiliko hayo hayaondoi utohara wake. Basi husema, "Maji ya Sabaki ni mekundu kwa udongo tu, nayo yafaa kwa udhu, kwa nini nisiyanywe?"

Jawabu ni kuwa hayo ni masuala mawili. Mlango ule wabainisha yale yafaayo kwa ibada. Haukuwekwa kupima maradhi. Maji yaweza kuwa tahara kwa kutawadha na yakamwua mtoto akiyanywa. Kipindupindu hakina rangi. Risasi iliyoyeyuka haina harufu. Zile alama tatu tuzijuazo haziwezi kuitambua sumu ndogo inayojikusanya mwilini mwaka baada ya mwaka. Na kujikinga na madhara ni jambo lililoamrishwa katika mlango mwingine. Kwa hiyo mwenye kunywa maji ya mto au kisima kisicholindwa na ayachemshe, au ayatie dawa ya klorini kwa kipimo chake. Na ajue kwamba kuchemsha huua vijidudu tu; hakuondoi risasi. Madini ya sumu huzuiwa huko yatokako.

Na katika fiqhi hiyo hiyo pana jambo linalofaa sana hapa. Mto mkubwa hauna mwenyewe. Watu wote wana haki nao. Mwenye shamba la juu hutangulia kunywesha, kisha humwachia maji aliye chini yake, na huyo naye vivyo hivyo. Kutangulia kwake ni zamu tu, na zamu haimpi mtu ruhusa ya kuwaharibia wanaomfuata.

MFANO WA LONDON

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la nchi maskini peke yake. Mji wa London ulimwaga vyoo vyake katika Mto Thames, na watu wake wakanywa maji ya mto huo huo, na kipindupindu kikawaua kwa maelfu. Kwa miaka mingi palikuwa na mabishano mengi na vitendo vichache. Katika majira ya joto ya mwaka 1858 uvundo ukaingia ndani ya Bunge lenyewe, lililo ukingoni mwa mto. Hapo ndipo sheria ikapita kwa haraka, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa uwezo wa kujenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi. Uvundo ulipofika puani mwa wenye kalamu, kalamu ikaandika.

Lakini mifereji ile haikuusafisha uchafu, iliuhamisha tu. Uchafu ulimwagwa mtoni mashariki ya mji, kwa watu wa chini. Mwaka 1878 meli ya abiria iitwayo Princess Alice ilizama karibu na mahali pale, wakafa watu zaidi ya 600 katika maji machafu. Na mwaka 1957 wataalamu walitangaza kwamba sehemu ya mto ipitayo London haina uhai. Ilipoanzishwa kazi ya kuyasafisha maji kwa kweli kabla ya kuyaachia, samaki wakarudi. Na mwaka 1974 akaonekana salmoni, samaki asiyeishi ila katika maji mazuri. Basi mto uliokufa waweza kufufuka, kwa sharti uchafu usiwe umehamishiwa kwa jirani tu.

SHERIA TULIZO NAZO

Je, Kenya haina sheria? Inazo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 iliunda mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kumwaga sumu na maji taka yasiyosafishwa mitoni. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi, na katika kifungu cha 43 haki ya maji safi na salama ya kutosha. Na kifungu cha 70 chamruhusu mtu kwenda mahakamani kuilinda haki hiyo ya mazingira, wala halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kudhurika.

Tatizo li katika kutimiza. Marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira tangu 2008 mpaka alipofariki mwaka 2012, alisimamia usafishaji wa Mto Nairobi, na watu waliona tofauti kwa macho yao. Alipoondoka, uchafu ukarudi. Tangu hapo imeundwa tume, na mwaka 2025 Serikali imezindua mpango mwingine wa kuuhuisha mto huo. Sisi twautakia heri. Walakini twasema kwamba kazi iliyosimama juu ya mtu mmoja huanguka naye. Mto hausafiki kwa kuokotwa taka siku ya sherehe. Husafika pale mabomba ya maji taka yanapowafikia wakazi wa mitaa ya mabanda, kiwanda kinapopimwa maji yake kila mara, na mwenye kosa anapotozwa faini iliyo kubwa kuliko faida aliyoipata kwa kosa lake.

Na mfano wa amri ndogo yenye manufaa upo karibu. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria mwaka 2015 ya kulinda mchanga wa mito yake, uliokuwa ukichukuliwa kwa malori kwenda kujengea miji. Mchanga ni hazina ya maji na ni chujio lake. Hata visima vya Baricho vyategemea mchanga wa mto kuyachuja maji kabla hayajavutwa.

YATUPASAYO

Basi sisi wa chini ya mto tufanye nini? La kwanza, tuanze na mikono yetu. Vijito vya Kombeni na Tsalu vinaingia katika hori ya Tudor, na Mombasa imemwaga humo uchafu wake kwa miaka mingi. Wako wakatao mikoko ambayo huzuia tope, na wako wachimbao choo karibu na kisima cha jirani. Hatuwezi kumlaumu mtu wa juu kwa lile tulifanyalo nasi.

La pili, tushiriki. Sheria ya maji imeweka jumuiya za watumiaji wa maji katika kila sehemu ya bonde la mto. Wavuvi, wakulima wa Sabaki, na wazee wa mitaa ya Malindi na Mambrui wana haki ya kukaa humo na kusema. Baraza likiitishwa na watu wa pwani wasihudhurie, watakaohudhuria ndio watakaoamua.

La tatu, tuwadai viongozi wetu hesabu. Mgombea akija kutaka kura, aulizwe: Maji ya Baricho hupimwa mara ngapi, na majibu ya vipimo yako wapi? Na asikubaliwe kujibu kwamba uchafu ni wa Nairobi. Huko juu, katika Makueni, Bwawa la Thwake lilianza kujengwa mwaka 2018 ili maji hayo hayo ya Athi yanywewe na yatoe umeme. Watu wa Makueni basi wana shida iliyo sawa na yetu. Wakisema wao peke yao, au tukisema sisi peke yetu, sauti itakuwa ndogo; wa katikati na wa chini wakisema pamoja, wa juu watasikia.

Haya ndiyo tuliyotaka kuyabainisha. Mwenye kuyasoma na amsomee asiyejua kusoma. Na mvua zikija tena, Sabaki ukashuka, kila mtu na ajue kwamba katika wekundu ule yamo mashamba ya watu, imo mitaa ya mji, na zimo amri zilizoandikwa na zisizoandikwa, na yote hayo yanakuja kwenye mtungi wake.